Leni Inapobadilika: Jinsi ya Kuhama Pamoja na Mafuta Katika Bolingi

Ukicheza bolingi kwa saa moja na mpira wa kukodi, leni zote zitaonekana sawa. Ukijiunga na ligi, michezo mitatu mfululizo, ukiwa na mpira wako mwenyewe unaokata kona, utakutana na jambo linalowavuruga wachezaji wengi. Mchezo wa kwanza mpira unaingia vizuri. Mchezo wa pili mpira uleule, kwa mkono uleule, unaivaa pini ya mbele usoni na kukuachia spliti, yaani pini zilizobaki zikiwa zimeachana. Hapo mtu huanza kuulaumu mkono. Anakaza vidole, anapunguza mwendo, anabadilisha kila kitu kwa mpigo mmoja, na mambo yanazidi kuharibika. Mara nyingi mkono hauna kosa lolote. Kilichobadilika ni mafuta.

Nimeandika kwa ajili ya anayetupa kwa mkono wa kulia na ambaye mpira wake hupinda kwenda kushoto. Wa mkono wa kushoto ageuze kila ninaposema kulia na kushoto, na ajue kwamba upande wake hukauka polepole zaidi kwa kuwa wanaoutumia ni wachache. Mfano wangu ni usiku wa ligi wa kawaida Marekani, kwa sababu huko ligi za mtaani na za kazini ni jambo la kila wiki na wenzetu wengi wanaoishi huko hujiunga nazo. Kanuni zenyewe hazibadiliki ukiwa Village Market kule Nairobi au Dubai International Bowling Centre.

Fahamu kwanza unachokanyaga na usichokiona

Kutoka mstari wa faulo, ule ambao mtupaji haruhusiwi kuuvuka, hadi pini ya mbele ni futi 60, yaani mita 18 na kidogo. Upana wa leni ni inchi 41.5, nao umegawanywa katika mbao 39. Kwa mtupaji wa kulia, mbao huhesabiwa kuanzia mfereji wa kulia: ubao wa 1 uko kando kabisa, ubao wa 20 uko katikati, na juu yake ndipo inaposimama pini ya mbele. Mishale saba iliyochorwa kwenye leni iko juu ya ubao wa 5, 10, 15, 20, 25, 30 na 35. Pini kumi huhesabiwa safu kwa safu, kutoka mbele kwenda nyuma na kutoka kushoto kwenda kulia: ya 1 ni ya mbele, ya 10 iko nyuma kabisa kulia. Mfuko, yaani ile nafasi kati ya pini ya 1 na ya 3 unakotaka mpira uingie, uko kati ya ubao wa 17 na wa 18.

Juu ya mbao hizo mashine hupaka mafuta. Zamani yalikuwa ya kulinda mbao zisiungue kwa msuguano. Leo ndiyo yanayoamua mchezo. Mpangilio wa kawaida wa kumbi za burudani na ligi huanza karibu na mstari wa faulo na kukoma kwenye futi 40 hivi. Futi 20 za mwisho ni kavu. Kiasi chote ni mililita 20 hadi 30 tu, na hakikupakwa sawasawa: katikati ni mazito, pembeni kuanzia kama ubao wa 10 kwenda nje ni membamba sana. Mpangilio huo una huruma. Ukikosea kwenda kushoto kidogo, mafuta ya katikati yanauzuia mpira usipinde mno. Ukikosea kwenda kulia, ukavu wa pembeni unaurudisha.

Mpira mzuri husafiri kwa awamu tatu. Kwanza unateleza juu ya mafuta, kisha unashika leni na kupinda, halafu unabingirika moja kwa moja kwa nguvu hadi kwenye pini. Marekebisho yote utakayofanya yana lengo moja tu, kuhakikisha awamu hizo zinatokea mahali panapofaa.

Sasa fikiria watu wanane kwenye leni mbili. Katika mchezo mmoja kila mmoja hutupa mipira 11 hadi 21. Kwa michezo mitatu hiyo ni kama mipira 400, na mingi inapita karibu na mshale wa pili. Mipira ya leo ya reaktivu, ile ya kupinda, ina vitundu vidogo sana vinavyofyonza mafuta. Kila mpira unaopita unaondoka na chake, na baada ya muda pale wanapopita wote panabaki pakavu. Mpira wako ukifika hapo hautelezi tena kama mwanzo. Unashika mapema, unapinda mapema, unapiga juu, yaani unaigonga pini ya mbele karibu mno na katikati yake.

Kuna badiliko la pili. Mipira ya plastiki na ya yurethani hainywi mafuta, huyasukuma mbele. Yakifika kwenye zile futi 20 kavu, mpira wako unateleza pale ulipopaswa kupinda na unafika kwenye pini umechelewa. Siku hizi jambo hili ni dogo kuliko ule ukavu wa kwanza, lakini kama mwenzako au mpinzani anatumia yurethani kwenye leni yenu, litegemee.

Hatua ya 1: Tumia mipira ya mazoezi kuuliza maswali

Wengi hutumia dakika za mazoezi kutafuta straiki, yaani kuangusha pini zote kwa mpira mmoja. Straiki ya mazoezi haihesabiwi. Mpira wa kwanza utupe kwenye mstari wako wa kawaida, tuseme mguu unamalizia ubao wa 20 na mpira unapita juu ya ubao wa 10. Mpira wa pili, miguu hapohapo, upitishe makusudi ubao wa 8: je, unarudi? Wa tatu upitishe ubao wa 12: je, mafuta yanaushikilia au unavuka? Kwa mipira mitatu umeshajua una nafasi kiasi gani upande gani. Ligi nyingi zinawapa mazoezi kwenye leni zote mbili, basi fanya hivyo kwenye zote mbili.

Ukiambiwa urefu wa mafuta, kuna hesabu ya haraka ambayo wachezaji hutumia: toa 31 kwenye urefu huo kwa futi, na jibu ni ubao ambao mpira unapaswa kuwa juu yake unapotoka kwenye mafuta na kuanza kurudi. Futi 40 toa 31 ni ubao wa 9. Mafuta mafupi ya futi 35 yanakupeleka ubao wa 4, karibu na mfereji. Mafuta marefu ya futi 45 yanakuleta ndani, ubao wa 14. Mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya PBA huipa mipangilio yake majina ya wanyama, Cheetah ikiwa miongoni mwa mifupi na Shark miongoni mwa mirefu. Hesabu hii inakupa pa kuanzia. Baada ya hapo usikilize mpira.

Hatua ya 2: Kabla ya kusogea, pitisha hukumu kwa mtupo wako

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mpira ukikosa, jiulize mambo mawili kabla ya kugusa kitu. Ulipita juu ya ubao uliolenga? Uliuachia kama kawaida yako, kwa mwendo wa kawaida yako? Kama jibu la swali moja ni hapana, basi leni haijasema neno. Rudi palepale utupe tena. Kama majibu yote ni ndiyo na mpira bado ulikosa, leni imezungumza, na usisubiri izungumze mara tatu.

Ili uweze kujibu maswali hayo, macho yabaki kwenye mshale hadi mpira uupite, halafu yaufuate hadi mwisho. Anayeinua macho mapema kutazama pini hawezi kujua alikosea yeye au ilibadilika leni. Na ukimaliza kutupa usigeuke. Angalia chini mguu wako wa kutelezea umesimama ubao gani. Wapo wanaoamini wamesogea mbao tatu kushoto kwa kuwa walianzia hapo, kumbe kila wakitembea wanarudi kulia na kumalizia palepale pa zamani. Ubao unaohesabiwa ni ule wa kumalizia.

Hatua ya 3: Soma pini zilizobaki, usisome alama

Alama ikishuka, umeshachelewa. Pini zilizobaki hukuarifu fremu mbili tatu kabla (fremu ni zamu moja ya mchezaji, na mchezo una kumi).

Pini ya 4 ikibaki peke yake, au ya 4 na ya 9, mpira ulipiga juu kidogo. Ni onyo la kwanza la ukavu. Ukiona 3-10, au 3-6-10, au kibaya zaidi 4-6-7-10, onyo limeshapita na sasa ni adhabu. Upande wa pili, pini ya 2, au ya 5 na ya 7, au zile nne zinazoitwa ndoo, 2-4-5-8, zinasema mpira ulifika umechelewa na kugusa kwa wepesi.

Pini inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote ni ya 10. Kwenye straiki safi, mpira wenyewe hugusa pini nne tu: ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9. Pini ya 10 huangushwa na ya 6, iliyoangushwa na ya 3. Kwa hiyo 10 ikibaki, mpira uliingia mfukoni na bado kuna kitu hakikutimia. Itazame ile ya 6. Ikiwa ilianguka kwa uvivu na kulala kwenye mfereji mbele ya 10, mpira wako ulipinda mapema, ukamaliza nguvu njiani na kufika umechoka. Wachezaji huiita kumi bapa. Ikiwa ya 6 iliruka kwa kasi, ikaizunguka shingo ya 10 na kugonga ukuta wa pembeni, mpira ulikuwa na nguvu tele lakini ulichelewa kukunja. Kwa anayetazama kutoka benchi pini hizi mbili ni pini moja tu. Kwako wewe ni taarifa mbili zinazopingana, na dawa zake zinapingana pia.

Kumi bapa ni dalili ya ukavu hata kama mpira unaingia mfukoni kila mara. Hama kushoto sasa, kabla pini ya 4 haijaanza kubaki. Kumi ya kuzungukwa, ikitokea mara moja, iache ipite. Ikitokea mara mbili kwa mitupo mizuri, sogeza miguu ubao mmoja kulia, au shusha mpira kidogo unaposimama kuanza ili mwendo upungue.

Hatua ya 4: Hamisha miguu, kisha macho

Kanuni ya msingi ni kuhama kuelekea upande uliokosea. Mpira umevuka kushoto, miguu iende kushoto. Mpira umebaki kulia, miguu iende kulia. Kwa anayeanza inaonekana kinyume, lakini chora picha: mishale iko futi 15 hivi kutoka mstari wa faulo, na pini ziko futi 45 zaidi mbele, mara tatu ya umbali huo. Ukisogeza miguu ubao mmoja kushoto na kulenga mshale uleule, mstari wako unageuka pale kwenye mshale kama ubao wa watoto wa kubembea, upande mmoja ukienda huku mwingine unakwenda kule, na kule mwisho unakwenda kama mbao tatu kulia. Kwa mpira unaopinda hesabu si kamili, ila mwelekeo ni huo.

Tumia kipimo hiki. Ukipiga juu kidogo tu, pini ya 4, hamisha miguu ubao mmoja au miwili kushoto na macho yabaki palepale. Ukiona mpira unaanza kupinda mapema kuliko mwanzo, hapo mshale wa zamani umekauka, basi usiendelee kupita juu yake: miguu mbao mbili, macho ubao mmoja, vyote kushoto. Ukipiga pini ya mbele usoni kwa mtupo mzuri, usiende kwa woga. Miguu mbao nne, macho mbao mbili. Kuhama ubao mmojammoja huku leni inakauka kwa mbao tatu ni njia ya uhakika ya kuwa nyuma usiku kucha.

Usiku wa kawaida unaweza kwenda hivi. Mchezo wa kwanza, mguu ubao wa 20, macho ubao wa 10. Kuelekea fremu ya 7 kumi bapa inatokea, unahamia 22 na 11. Katikati ya mchezo wa pili pini ya 4 inabaki mara mbili, unahamia 24 na 12. Mchezo wa tatu unaanzia 27 na 14, ukiwa umeuacha ule ukavu wote upande wako wa kulia, mpira unaupitisha juu ya mafuta ya ndani hadi uufikie ukavu kule mbali, unaourudisha mfukoni. Angalia kwamba ingawa miguu imekwenda mbao 7, ule ubao wa 9 pale mafuta yanapokoma bado ndiko mpira unakoelekea kabla ya kurudi. Kinachobadilika zaidi ni pembe.

Na pembe hiyo inautaka mwili ubadilike pia. Ukihamia ndani, mabega na nyonga vielekee kule unakolenga, nawe utembee ukielekea kule. Anayehamisha miguu tu, mabega yakabaki yametazama mbele, atauvuta mpira kushoto kila mara na kudhani bado leni imekauka. Atahama tena, atauvuta tena. Ukiwa umehama mara mbili na mpira bado unavuka, angalia mabega kabla ya kuilaumu leni.

Hatua ya 5: Miguu ikishindwa, kwa utaratibu huu

Kuhama kuna mwisho. Ukifika mahali ambapo unatembea ukiwa umebanwa na mashine ya kurudisha mipira, au pembe imekuwa kubwa kuliko uwezo wako wa kulenga, jaribu jambo jingine moja. Moja, si matatu.

Mwendo ndio wa kwanza kwa sababu ni rahisi kuurudisha. Usiuongeze kwa kukaza mkono; simama ukiwa umeinua mpira juu zaidi, na bembeo refu litaleta kasi lenyewe. Kuupunguza, ushushe.

Kisha mpira. Maoni yangu ni kwamba watu hubadilisha mpira mapema mno na hubadilisha kwa hasira. Kama bado una nafasi ya kuhama na mpira unaingia mfukoni kwa nguvu, baki nao. Badilisha unapopata kumi bapa mfululizo hata baada ya kuhama, au unapoona mpira umeacha kunyoosha mwanzoni. Mpira wenye uso mkavu usiong'aa hushika mapema, unafaa mafuta mabichi ya mwanzo. Mpira uliong'arishwa huteleza zaidi na kutunza nguvu, unafaa mchezo wa pili na wa tatu. Mwenye mipira miwili ya kupinda na mmoja wa plastiki ana vya kutosha kabisa kwa ligi.

Ukitaka kuusugua mpira kwa msasa ili ushike mapema, fanya hivyo kabla. Sheria za USBC, chama kinachosimamia mchezo huu Marekani, haziruhusu kubadilisha uso wa mpira mashindano yakishaanza. Kinachoruhusiwa ni kuufuta kwa taulo kavu, na hicho kifanye kila mara mpira unaporudi. Ukiuinua utaona pete za mafuta zimeuzunguka. Pete hizo zikibaki, mtupo unaofuata utateleza tofauti, nawe utadhani ni leni.

Kwa mafuta yaliyosukumwa mbele, dawa ni ya upande wa pili: miguu ubao mmoja au miwili kulia, macho palepale, au mpira unaoshika mapema kidogo. Usihame mbali. Tatizo hili huja na kuondoka ndani ya fremu chache.

Spea, yaani kumalizia pini zilizobaki kwa mpira wa pili, usizichanganye na haya yote. Pini ya 10 na pini nyingine za pembeni zipigie mpira wa plastiki, mstari ulionyooka, mwendo wa kutosha. Mpira usiopinda haujali mafuta yako wapi, na spea za uhakika ndizo zinazokupa muda wa kuisoma leni bila hofu.

Hatua ya 6: Leni mbili, kumbukumbu mbili

Kwenye ligi unabadilishana leni kila fremu, na leni mbili zilizopakana mara nyingi hazifanani. Moja hukauka haraka, nyingine ina mbonyeo mdogo usioonekana unaouvuta mpira. Usichukue wastani wa hizo mbili. Kama ya kushoto inataka 24 na 12, na ya kulia bado inataka 22 na 11, zicheze hivyohivyo, na uandike kwenye simu ukihofia kusahau. Ukihama kwenye moja, iulize nyingine kwanza kabla ya kuihamia.

Jambo hili huwa zito zaidi fremu ya 10. Ukianza mchezo leni ya kushoto, fremu ya 9 inakuwa kushoto na ya 10 kulia, na mipira ya ziada hutupwa hapohapo kulia. Taarifa yako ya mwisho kuhusu leni hiyo ni ya fremu ya 8, na tangu wakati huo wachezaji wa timu zote mbili wameshapita hapo. Basi wakati wenzako wanatupa fremu zao za 9 na 10, usiwe unatazama simu. Tafuta kwenye timu yoyote yule ambaye mstari wake unakaribiana na wako na mpira wake unapinda kama wako, uangalie mpira wake unashika wapi, na kama ni mwenzako mwulize waziwazi: "Umepita wapi, na imekubali?" Akikwambia imevuka, panda ukiwa umeshahama mbao mbili kabla ya kutupa wa kwanza.